MAELEZO KWA WANANCHI: KUJITAYARISHA KUFIKA MAHAKAMANI KWA MARA YA KWANZA KATIKA KESI YA JINAI

Imeonekana kwamba wananchi wengi wanaoshtakiwa kwa makosa ya jinai hufika mahakamani siku ya kwanza bila ya kufahamu watakaloulizwa, jibu lao litapelekea nini, wala haki walizonazo mbele ya hakimu. Matokeo yake ni kwamba wapo wanaokiri makosa wasiyoyatenda kwa kutoelewa swali, na wapo wanaolala mahabusu kwa wiki kadhaa ingawa makosa yao yana dhamana, kwa sababu tu hapakuwa na ndugu aliyefika na barua ya mtendaji wa kijiji. Maelezo haya yametayarishwa ili mwananchi ajue nini cha kufanya kabla ya siku hiyo na katika siku yenyewe.

Mfano uliochukuliwa humu ni wa Nyamwaga, Mkoa wa Mara. Nyamwaga ndiko yaliko makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Tarime, na ipo katika njia itokayo Tarime mjini kwenda Nyamongo, penye mgodi wa dhahabu wa North Mara, na kuendelea hadi Mugumu, Wilaya ya Serengeti. Kutokana na mahali ilipo, wakaazi wa huko hukutwa na mashtaka ya namna nyingi: wizi wa mifugo, mapigano na kujeruhi, kupatikana na bhangi, kuingia eneo la mgodi bila ya ruhusa, kuingia katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti bila ya kibali, kupatikana na nyara za Serikali, na ukeketaji wa watoto wa kike, ambao ni kosa la jinai tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998.

Wasomaji wa Visiwani wanakumbushwa kwamba mwenendo wa kesi za jinai si mmoja katika Jamhuri yote. Tanzania Bara inatumia Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 pamoja na marekebisho yake, na Zanzibar ina sheria yake yenyewe, Namba 7 ya mwaka 2018, pamoja na mahakama zake na Mkurugenzi wake wa Mashtaka. Mahakama ya Rufani ndiyo inayoshirikisha pande zote mbili. Kwa hiyo yaliyomo humu yanamhusu mtu aliyeshtakiwa Bara, wakiwemo watu wa Visiwani wanaofanya kazi au biashara huko.

1. MSHTAKIWA SI MKOSAJI

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba kushtakiwa si kutiwa hatiani. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye kosa hilo mpaka itakapothibitika kuwa anayo hatia. Wajibu wa kuthibitisha ni wa upande wa mashtaka. Mshtakiwa hana wajibu wa kuthibitisha kwamba hakutenda, na siku ya kwanza haji kutoa utetezi wake wote. Ni muhimu jambo hili lieleweke, kwa sababu washtakiwa wengi hufika wakiwa na hamu ya kusimulia habari nzima tangu mwanzo hadi mwisho, na katika kusimulia huko wakasema maneno yanayowadhuru.

2. MAMBO YA KUZINGATIA TANGU KITUO CHA POLISI

Maandalizi ya mahakamani huanzia kituo cha polisi. Mtu aliyekamatwa anayo haki ya kuelezwa sababu ya kukamatwa kwake. Kabla ya kuandikwa maelezo, anapaswa kuonywa kwamba halazimiki kusema lolote na kwamba atakalosema linaweza kutumiwa kama ushahidi. Anayo haki ya kuwasiliana na ndugu, rafiki au wakili. Sheria imeweka muda wa saa 4 wa kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, muda ambao unaweza kuongezwa kwa taratibu zilizowekwa. Sheria inataka mtu aliyekamatwa bila ya hati afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na kipimo chake ni saa 24. Ikiwa haiwezekani kumfikisha katika muda huo na kosa si kubwa, anaweza kupewa dhamana ya polisi.

Mtuhumiwa asitie saini wala dole gumba katika maelezo asiyosomewa. Iwapo maelezo yameandikwa asivyosema, aombe yasahihishwe kwanza. Iwapo alipigwa au kutishwa ili akubali kosa, akumbuke siku, saa na mahali, na amweleze hakimu mara ya kwanza anapofika mbele yake. Malalamiko yanayotolewa siku ya kwanza, wakati alama bado zipo mwilini, yana uzito kuliko yanayotolewa miezi sita baadaye.

Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa kwa madhumuni kwamba mashtaka yasifunguliwe kabla ya upelelezi kukamilika, isipokuwa kwa makosa makubwa. Hivyo mshtakiwa wa kosa dogo anayo haki ya kuuliza mahakamani iwapo upelelezi umekamilika.

3. KUJUA NI MAHAKAMA IPI

Ndugu wa mshtakiwa mara nyingi hupoteza siku nzima kwa kwenda mahakama isiyohusika. Ni vyema kuuliza mapema kituoni kesi inapelekwa wapi.

(a) Mahakama ya Mwanzo husikiliza makosa madogo kama vile shambulio la kawaida, wizi mdogo na matusi. Adhabu ya kifungo inayoweza kutolewa huko kwa kawaida haizidi miezi 12. Lugha yake ni Kiswahili. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, wakili anaweza kumwakilisha mtu katika Mahakama ya Mwanzo inayoongozwa na hakimu mkazi. Hapo zamani mawakili hawakuruhusiwa.

(b) Mahakama ya Wilaya, kama ile ya Tarime au ya Serengeti iliyopo Mugumu, husikiliza makosa makubwa zaidi. Huko mashtaka huendeshwa kwa jina la Jamhuri, chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka.

(c) Mahakama Kuu, ambayo kwa Mkoa wa Mara inayo masijala Musoma, husikiliza mauaji na uhaini. Hata hivyo mshtakiwa wa mauaji huanzia mahakama ya chini, ambako husomewa shtaka na kuelezwa kwamba hatakiwi kujibu kitu. Maneno hayo yasimtie hofu. Maana yake ni kwamba mahakama hiyo haina uwezo wa kusikiliza kesi yenyewe. Hali ni hiyo hiyo katika makosa ya uhujumu uchumi, ambayo ndani yake huhesabiwa kupatikana na nyara za Serikali: Mahakama ya Wilaya haiwezi kuyasikiliza mpaka ipate idhini na hati ya Mkurugenzi wa Mashtaka.

Mshtakiwa aliye chini ya umri wa miaka 18 anahusika na Mahakama ya Watoto kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Mzazi au mlezi afike pamoja naye, akiwa na cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki au cheti cha ubatizo kinachoonyesha umri. Hii ni hati ya kwanza kutafutwa nyumbani mara mtoto anapokamatwa, kwa kuwa bila ya hati hiyo mtoto anaweza kuandikwa kuwa mtu mzima na kuchanganywa na watu wazima mahabusu.

4. MATAYARISHO KABLA YA SIKU YA KUFIKA

Kwa mshtakiwa aliye nje kwa dhamana ya polisi au aliyepelekewa samansi, mambo yafuatayo yafanywe mapema:

(a) Kuisoma samansi au hati ya dhamana na kuandika tarehe, saa, jina la mahakama na namba ya kesi. Asiyejua kusoma amwombe mtu anayemwamini amsomee mara mbili.

(b) Kufika kabla ya saa iliyoandikwa. Anayetoka Nyamwaga au Nyamongo kwenda Tarime asitegemee gari la asubuhi ile ile wakati wa mvua. Ni bora akalala mjini kwa ndugu. Kutofika ni sababu ya hakimu kutoa hati ya kukamatwa na kufuta dhamana.

(c) Kuweka kumbukumbu zake kwa siri na kwa utaratibu: alikuwa wapi, na nani, saa ngapi; risiti, tiketi, barua, kadi ya hospitali, kibali cha kusafirisha mifugo, na majina ya watu walioona.

(d) Ikiwa utetezi wake ni kwamba siku ya tukio alikuwa mahali pengine, ajue kwamba sheria inamtaka aiarifu mahakama kusudio hilo kabla ya kesi kuanza kusikilizwa. Utetezi wa namna hiyo unaoibuliwa mwishoni hupewa uzito mdogo.

(e) Kutokwenda kwa mlalamikaji wala kwa mashahidi kuwasihi au kuwatisha. Jambo hilo linaweza kuzaa shtaka jipya. Yapo makosa madogo ya kugombana ambayo mahakama yenyewe huhimiza watu kupatana, lakini mapatano hayo yafanywe mbele ya mahakama na kuandikwa. Kikao cha wazee wa ukoo, hata kikitoza faini ya ng'ombe, hakifuti kesi iliyokwisha kufunguliwa.

(f) Kutafuta msaada wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria walioko vijijini na mijini, ambao hutoa ushauri bila ya malipo. Hao hawasimami mahakamani kama mawakili. Aidha, hakimu anaweza kuelekeza kwamba mshtakiwa asiye na uwezo apatiwe msaada wa wakili iwapo haki inahitaji hivyo. Mshtakiwa asisubiri kuulizwa; aombe mwenyewe kwa sauti, na ombi liandikwe.

5. KIZIMBANI: KUSOMEWA NA KUJIBU SHTAKA

Mshtakiwa anapoitwa jina huingia kizimbani na kusimama. Hakimu huitwa "Mheshimiwa". Simu izimwe, kofia ivuliwe. Kisha hati ya mashtaka husomwa. Hati hiyo ina sehemu mbili: jina la kosa pamoja na kifungu cha sheria, na maelezo ya kosa, yaani tarehe, mahali, aliyetendewa na kitu kinachohusika. Mshtakiwa asikilize sehemu ya pili kwa makini kuliko ya kwanza, kwa sababu ndiyo inayosema anadaiwa kufanya nini. Akiona hakuelewa, aseme: "Mheshimiwa, sijaelewa, naomba nisomewe tena."

Hapo ndipo penye hatari kubwa. Hakimu atauliza kama shtaka ni kweli au si kweli. Neno moja linalojibiwa wakati huo linaweza kumaliza kesi siku hiyo hiyo. Tangu mwaka 1973, katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri, iliyokuwa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza utaratibu ambao mahakama zetu zinaufuata mpaka leo: shtaka na vipengele vyake vyote vielezwe katika lugha anayoielewa mshtakiwa, maneno yake mwenyewe yaandikwe, akikiri, mwendesha mashtaka asome maelezo ya tukio, mshtakiwa apewe nafasi ya kuyapinga au kuyaeleza, na akiyapinga, jibu libadilishwe na kuandikwa kuwa amekana.

Tuchukue mfano. Mtu ameshtakiwa kwa kumjeruhi jirani katika ugomvi wa mpaka wa shamba. Anaposomewa anajibu: "Ni kweli nilimpiga, lakini alinivamia yeye kwanza na panga." Jibu hilo si la kukiri kosa. Amekubali kwamba alipiga, lakini amedai kwamba alikuwa anajilinda, na kujilinda ni utetezi. Hakimu anatakiwa aandike kwamba mshtakiwa amekana. Lakini mtu yule yule akisema "Ni kweli" na kunyamaza, huku akitaraji kueleza sababu baadaye, anaweza kutiwa hatiani hapo hapo, na ile nafasi ya baadaye ikawa ya kuomba apunguziwe adhabu tu. Kwa hiyo mwenye sababu aitaje pamoja na jibu lake.

Jambo la lugha lina uzito wa pekee katika wilaya za Tarime na Serengeti. Wapo wazee, hasa akina mama, wanaozungumza Kikurya, Kingoreme au Kijaluo na ambao Kiswahili chao ni cha sokoni. Kuelewa bei ya mahindi si sawa na kuelewa hati ya mashtaka. Mshtakiwa anayo haki ya kupatiwa mkalimani, na si aibu kumwomba. Ndugu wanaohudhuria wasimtafsirie kwa kunong'ona kutoka kwenye mabenchi. Wamwombe karani kabla ya kikao ili mkalimani aapishwe.

Mwenye kukiri aelewe gharama yake. Aliyetiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe katika mahakama ya chini hawezi, kwa kawaida, kukata rufaa kupinga hatia, bali anaweza kulalamikia adhabu tu. Katika shauri la Laurent Mpinga dhidi ya Jamhuri la mwaka 1983, Mahakama Kuu ilitaja hali chache zinazoruhusu rufaa: kwamba kukiri kulikuwa na utata au hakukukamilika, kwamba mshtakiwa alikiri kwa makosa au kwa kutoelewa, kwamba hati haikuonyesha kosa lolote, au kwamba kwa maelezo aliyoyakubali asingeweza kisheria kutiwa hatiani. Kuyathibitisha hayo mtu akiwa tayari gerezani ni kazi kubwa.

Haya hayasemwi ili kuwazuia watu waliotenda makosa wasikiri. Kukiri kwa kuelewa ni jambo linaloweza kupunguza adhabu, na tangu mwaka 2019 sheria inaruhusu makubaliano ya kukiri kosa kati ya mshtakiwa na upande wa mashtaka. Linalosisitizwa ni kwamba mtu akiri alichokifanya kweli, na si kwa sababu ameambiwa na askari, au na mahabusu mwenzake, kwamba "ukikubali utatoka leo".

6. DHAMANA

Baada ya mshtakiwa kukana, hakimu hutazama suala la dhamana. Dhamana ni haki, na haina malipo. Fedha inayotajwa katika hati ya dhamana ni ahadi: hulipwa tu iwapo mshtakiwa atatoroka. Mahali ambapo mahakama imeamuru fedha taslimu iwekwe, hutolewa stakabadhi ya Serikali. Mtu yeyote atakayedai "chai" au "ada ya faili" ili dhamana ipite anatenda kosa, na wananchi wanaweza kutoa taarifa TAKUKURU kwa simu ya bure namba 113.

Yapo makosa ambayo sheria imeyanyima dhamana, miongoni mwao mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi, utakatishaji wa fedha, na dawa za kulevya kwa kiasi kinachozidi kipimo kilichowekwa. Suala hili limekwisha kufika katika mahakama ya juu kabisa. Katika shauri la Mkurugenzi wa Mashtaka dhidi ya Daudi Pete, lililoanzia Mahakama Kuu Mwanza mbele ya Jaji James Mwalusanya, Mahakama ya Rufani mwaka 1991 ilikubali kwamba kifungu kimojawapo kilichozuia dhamana kilipingana na Katiba. Mwaka 2020 mahakama hiyo hiyo, katika shauri jingine, iliamua kwamba orodha ya makosa yasiyo na dhamana iliyobaki haipingani na Katiba. Mwananchi anufaike na fundisho la mashauri yote mawili: asidhani kwamba kila kosa kubwa halina dhamana, bali aulize.

Kwa makosa yenye dhamana, ndugu wafike siku hiyo hiyo ya kwanza, asubuhi, wakiwa na:

(a) wadhamini wawili, watu wazima wenye makazi ya kudumu na shughuli inayojulikana;

(b) barua ya utambulisho ya kila mdhamini kutoka kwa mtendaji wa kijiji au kata, yenye mhuri na picha;

(c) kitambulisho cha Taifa au kingine kinachokubalika;

(d) hati au uthibitisho wa mali, iwapo itahitajika.

Watendaji wa vijiji wanaombwa kutochelewesha barua hizo. Barua iliyochelewa siku ya Ijumaa humweka mtu mahabusu mpaka Jumatatu, na wakati mwingine zaidi.

Mdhamini naye aelewe anachokitia saini. Mshtakiwa akitoroka, mdhamini huitwa kujieleza na anaweza kuamriwa kulipa kiasi chote alichoahidi. Katika wilaya iliyopakana na Kenya jambo hili si la kupuuzwa. Kuvuka Sirari kwenda kumtazama shangazi Isebania au Migori bila ya ruhusa, wakati masharti ya dhamana yanakataza kutoka mkoani, ni kuvunja dhamana hata kama mtu amerudi jioni. Aidha, mdhamini anayeishi ng'ambo ya mpaka si rahisi kukubaliwa.

7. BAADA YA SIKU YA KWANZA

Asiyekamilisha masharti ya dhamana hupelekwa mahabusu, na katika desturi ya mahakama nyingi hurudishwa kila baada ya siku 14 kesi inapotajwa. Ombi la dhamana, au la kulegezewa masharti, linaweza kurudiwa. Masharti yasiyowezekana kwa maskini ni sawa na kunyimwa dhamana, na hakimu aelezwe hivyo kwa adabu.

Kabla ya kusikiliza mashahidi, Mahakama ya Wilaya hufanya usikilizwaji wa awali, ambapo mshtakiwa husomewa maelezo na kuulizwa mambo gani hayabishaniwi. Jina na makazi yake anaweza kuyakubali. Lakini jambo atakalolikubali na kulitilia saini halitahitaji tena kuthibitishwa kwa ushahidi, kwa hiyo asikubali asilolijua.

Atakayetiwa hatiani na asiridhike akumbuke muda wa rufaa: kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ni siku 30, kutoka Mahakama ya Wilaya kwenda Mahakama Kuu ni kutoa taarifa ya kusudio ndani ya siku 10, na kuwasilisha rufaa ndani ya siku 45.

Kwa muhtasari, wananchi wanakumbushwa mambo manne: kujua mahakama, saa na namba ya kesi, kutojibu shtaka lisiloeleweka, kutaja sababu pamoja na jibu, na kutayarisha wadhamini kabla ya siku yenyewe. Mwenye kuhitaji maelezo zaidi afike kwa karani wa mahakama iliyo karibu naye, ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, au kwa msaidizi wa kisheria wa kata. Kuuliza ni bure. Kutouliza ndiko kwenye gharama.